Moja, Mbili, Tatu, Mbuzi

Nimekaa nyumbani kwangu hapa Nyakasanza, mbavu za kulia zinaniuma, na mwenye kosa ni mume wa dada yangu. Hakunipiga. Alikuwa anapiga Brahms.

Wasomaji wa safu hii wananijua: mimi sina ugomvi na mtu, nina madai tu. Na dai langu kubwa la mwaka huu lina miguu minne, pembe mbili na ndevu. Binti wa dada yangu ameolewa. Barua ya posa ilipelekwa, mahari ikahesabiwa, ng'ombe wakaonekana, vitenge vya akina mama vikagawiwa mpaka yakabaki makaratasi. Sasa, katika ukoo wetu kuna mbuzi mmoja ambaye si wa baba wala si wa mama. Ni mbuzi wa mjomba. Mjomba ni mimi. Mbuzi sijamwona. Kila nikimuuliza shemeji, jibu ni lile lile: "Iko njiani, shemeji." Njia gani hiyo? Hata angekuwa anatoka Mahagi kwa miguu, akilala kila kijiji na kusalimia kila ndugu, angekuwa ameshafika na kuzaa.

Hali ilikuwa hivyo, tunasalimiana kwa meno tu, wakati bibi harusi alipokuja na wazo lake.

Hapa Bunia, kwetu Kongo, Wabelgiji walituachia mambo mengi, na moja ni hili: kwenye harusi hakuna mtu anayeruhusiwa kucheza kabla maharusi hawajafungua dansi. Watu wote mnakaa kwenye viti vya plastiki, mna njaa, mnawatazama wawili wakizunguka katikati ya ukumbi. Wengi huchagua rumba ya taratibu, na mambo yanakwisha salama. Lakini huyu wetu alisomea Kampala. Alirudi na diploma, na ndani ya simu alikuwa na video ya wazee wawili wa Kizungu wamekaa kiti kimoja wanapiga piano moja.

"Mujomba, nataka hii," akasema. "Wewe na papa."

"Mimi na papa yako, kiti kimoja?"

"Ndiyo uzuri wake."

Ilikuwa valsi. Na si valsi ya ovyo. Ni ya Johannes Brahms, Mjerumani aliyezaliwa Hamburg mwaka 1833, akahamia Vienna, na mwaka 1865 akaandika valsi kumi na sita kwa ajili ya watu wawili kwenye piano moja. Wataalamu huziita opus 39. Bibi harusi alitaka ya kumi na tano, ambayo watu wengi wameshaisikia hata kama hawajui jina lake: ile ya polepole, tamu, kama mtu anayembembeleza mtoto ambaye si wake. Haifiki hata dakika mbili. Nilifikiri, dakika mbili ni nini? Nimevumilia hotuba za wakwe.

Nilipomchunguza huyu Brahms nikagundua mambo mawili. La kwanza, picha zake maarufu zina ndevu kubwa kama za nabii, lakini alipoandika valsi hizi alikuwa na miaka thelathini na kitu na kidevu kitupu. La pili, hakuoa mpaka alipokufa mwaka 1897. Hapo nikaelewa kila kitu. Mtu ambaye hajaoa hana wakwe. Na mtu asiye na wakwe ndiye pekee anayeweza kuona kwamba kuwakalisha watu wawili benchi moja kwa muziki wa mapenzi ni jambo zuri.

Hata hivyo, yule bwana alijua adabu. Valsi zake alimtunukia Eduard Hanslick, mhakiki wa muziki aliyeogopwa Vienna nzima, mtu ambaye kalamu yake ilikuwa na uwezo wa kukupandisha au kukuzika. Maana yake nini? Brahms alitoa mbuzi kwa mtu anayestahili, na kwa wakati. Nilimweleza shemeji habari hiyo mara mbili. Akasema ni historia nzuri sana.

Basi tukaanza mazoezi nyumbani kwake Mudzipela, kwenye kinanda cha kwaya alichokiazima. Shemeji ndiye mpiga kinanda wa kwaya yao kwa miaka ishirini. Mimi nilipiga kinanda ujanani, nikaacha nilipopata akili. Katika muziki wa mikono minne kuna watu wawili: *primo*, anayekaa kulia na kupiga sauti za juu, yaani wimbo wenyewe, na *secondo*, anayekaa kushoto na kupiga sauti za chini. Hatukupiga kura. Shemeji alifika, akakaa kulia, akakunja mikono ya shati.

Niwaambie kazi ya secondo, mnihurumie. Primo anaimba kwa vidole. Anapanda, anashuka, anafumba macho, anatikisa kichwa kama mtu aliyekumbuka marehemu mama yake. Secondo anafanya hivi: dum, cha, cha. Dum, cha, cha. Moja chini, mbili juu, mwanzo mpaka mwisho. Na juu ya hilo, kanyagio la miguu ni la secondo. Mwenzake ana mikono miwili tu ya kushughulikia. Yeye ana mikono miwili na mguu. Kanyagio la kinanda chetu ni kidude chepesi chenye waya, kinateleza kwenye sementi kama sabuni. Nikikanyaga, kinasogea. Nikikifuata, kinakimbia. Wakati primo anafumba macho kwa uchungu wa muziki, mimi niko nusu chini ya meza natafuta kanyagio kwa kisigino.

Kuna jambo jingine. Piano kamili ya siku hizi ina vibonyezo themanini na nane. Kinanda cha kwaya kina sitini na moja. Brahms hakuandika kwa kinanda cha kwaya. Baadhi ya noti zangu za chini kabisa zilianguka nje upande wa kushoto, kama abiria waliokosa nafasi, ikabidi nizipandishe juu. Nikipanda mimi, namsogelea shemeji. Naye hasogei. Mkono wangu wa kulia na mkono wake wa kushoto ikawa inagombea uwanja uleule, na kiwiko chake ndicho kilichoweka alama kwenye mbavu zangu. Viti viwili havikuenea mbele ya kinanda, kwa hiyo tulikalia benchi moja la shule. Sisi si watu wadogo. Akipumua yeye, mimi nashuka.

Wazungu wa zamani waliuona ukaribu huu kuwa baraka. Siku hizo hakukuwa na redio wala santuri. Familia ikitaka kusikia simfoni iliyopigwa mjini, ilinunua karatasi zake zilizopangwa kwa mikono minne, watu wawili wakakaa sebuleni wakaipiga wenyewe. Kwa vijana ilikuwa njia halali ya kukaa bega kwa bega na binti wa watu huku baba mtu anasinzia pembeni. Franz Schubert aliwafundisha muziki mabinti wa ukoo wa Esterházy, na inasemekana mmoja wao, Karoline, alimwingia moyoni. Mwaka 1828 akamtunukia kipande kikubwa cha mikono minne. Schubert alipata binti wa bwana mkubwa. Mimi nikapata shemeji, naye amekula vitunguu.

Nilitoa pendekezo la busara. Brahms mwenyewe alizigeuza valsi hizi zipigwe na mtu mmoja, kisha akatoa na toleo jepesi la mtu mmoja kwa wasiojiweza. Nikasema: shemeji apige peke yake, mimi nitakuwa mezani kulinda keki. Bibi harusi akakataa. Shemeji naye akaniletea Uganda.

"Angalia Waganda," akasema. "Amadinda ile, marimba yao, mbao kumi na mbili tu. Wawili wanakaa wanatazamana, kila mmoja anatia noti zake katikati ya noti za mwenzake. Tena wa tatu anaingia, anapiga zile mbao mbili za mwisho. Mikono sita, shemeji! Umesikia wanagombana?"

Ni kweli, hawagombani. Lakini nilimwambia: Waganda ni watu wenye akili, wameweka mbao katikati yao. Wanatazamana, kwa hiyo hakuna kiwiko. Na ukitazamana na mtu uso kwa uso huwezi kumwambia kila siku kwamba mbuzi iko njiani.

Akakohoa, akasema turudie kutoka mwanzo.

Kisha ikaja habari ya karatasi. Muziki wa mikono minne huchapwa kwa namna yake: ukurasa wa kushoto ni wa secondo, wa kulia ni wa primo, vinafunguka pamoja kila mtu anasoma mbele yake. Shemeji akapeleka kazi ya kuchapa kwa kijana mmoja wa fotokopi mwenye meza, mwavuli na mashine moja. Zilipokuja, nikaziweka juu ya kinanda. Nikaona sehemu yangu. Shemeji akauliza yake iko wapi. Tukatafuta. Tukaigeuza karatasi. Ilikuwa nyuma ya yangu. Kijana alikuwa ametuchapia pande mbili, mbele secondo, nyuma primo, ili kutupunguzia gharama. Alikuwa amejaribu kutusaidia! Kwa jioni nzima nilisoma mimi, na shemeji akapiga kwa kukumbuka. Kesho yake akasoma yeye, mimi nikapiga kwa hasira.

Lakini shida yenyewe haikuwa karatasi, wala kanyagio, wala kiwiko. Shida ilikuwa hesabu. Valsi inahesabiwa tatu. MOJA, mbili, tatu. MOJA, mbili, tatu. Sasa jamani, Mungu aliniumba na miguu miwili. Rumba naijua, ina nne, unaigawa, kila mguu unapata haki yake. Sebene ikiingia, ile sehemu ya kasi, hata mtu mwenye deni anacheza. Lakini tatu? Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, halafu? Ule wa tatu ni wa nani? Kila nikifika kwenye "tatu" nilikuwa naongeza "nne" ya bure, kama muuza maharagwe anayekutilia nyongeza, na shemeji anabaki mbele peke yake akiwa na wimbo mikononi, hajui aushushe wapi.

"Shemeji, ni tatu."

"Najua ni tatu."

"Wewe unapiga nne."

"Nahesabu na mbuzi."

Nikawa nafanya mazoezi nyumbani, na kwa kuwa sina kinanda, nilitumia meza. Kisigino sakafuni, kisha vidole mezani: dum, cha, cha. Sahani zinaruka. Mama watoto alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akatoka uani.

"Unamgongea nani?"

"Brahms."

"Na afunguliwe basi, watoto wamelala."

Nikamweleza taabu yangu yote, miguu miwili, hesabu ya tatu, uonevu wa Vienna. Hakunijibu. Alfajiri ya kesho yake akanivuta kwa mkono mpaka nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na kinu, majani ya sombe, yaani ya muhogo, yameshajaa ndani, na binti zetu wawili na mtoto wa jirani, kila mmoja na mchi wake. Akawaambia waanze. Wakatwanga. Mchi wa kwanza, mzito, ukashuka: DUM. Wa pili: cha. Wa tatu: cha. Hakuna uliogongana na mwenziwe. Majani yalipanda ukingoni mwa kinu, mmoja akayarudisha ndani kwa vidole katikati ya michi miwili inayoshuka, bila kuangalia, akiendelea na habari za shuleni. Michi mitatu, mikono sita, kinu kimoja. MOJA, mbili, tatu. MOJA, mbili, tatu.

"Hiyo ya tatu ni ya nani?" mama watoto akaniuliza. "Ni ya mwenzako. Wewe piga yako, uinue, upishe."

Nimeoa miaka ishirini na sita, sipendi kushindwa mbele ya watoto. Nikasema, "Ndiyo, lakini wao hawana kanyagio." Nikaingia ndani. Toka siku hiyo sikukosea tena tatu, na sikumwambia mtu sababu.

Habari zikafika kanisani. Mzee mmoja akaja kutuonya kwamba valsi ni ngoma ya kidunia, watu wanashikana viuno. Hapo nilimheshimu, kwa sababu hakuwa wa kwanza. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London lilichukizwa valsi ilipochezwa kwenye dansi ya mtawala wao, likaandika maneno makali dhidi ya kushikana kule, likawaonya wazazi. Miaka hamsini baadaye Brahms, mtu mzito kiasi kwamba Hanslick mwenyewe alishangaa kuona ameandika valsi, anazipeleka sebuleni kwa watu wa heshima. Nikamwambia mzee: mambo ya kidunia yanahitaji miaka hamsini tu kuwa ya kanisa. Angalia gitaa. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama sherehe itakuwa na nyama.

Siku ikafika. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vyeupe na vya zambarau, protokoli wamevaa miwani myeusi ndani ya nyumba, spika kubwa kama makabati. Tuliwekwa juu ya jukwaa la mbao, tuko kwenye benchi letu la shule lililofunikwa shuka ili lisijulikane. Nje, grupu ilikuwa inanguruma, kwa maana umeme wa mji hatukuutegemea. Tulitegemea jenereta, kama vile mtu anayemkwepa mwongo mmoja akaenda kwa mwongo mwingine. Shemeji alivaa suti mpya. Niliitazama ile suti. Nikaipiga hesabu. Ilikuwa kama mbuzi mmoja na nusu.

Maharusi wakasimama katikati. Shemeji akainua mikono. Tukaanza.

Nisiseme uongo: ilikuwa nzuri. Shemeji ana vidole vyepesi, Mungu anagawa vipaji bila kuangalia tabia. Bibi harusi akazunguka, gauni likafunguka kama mwavuli, dada yangu akaanza kulia mapema. Mimi chini: dum, cha, cha. Kanyagio lilikuwa limeshakimbilia nyuma ya spika, nikaliacha liende zake. Tukafika katikati, shemeji akafumba macho, akavuta pumzi ya ule wimbo unaopanda.

Grupu ikazimika.

Taa, spika, kinanda, vyote pamoja. Ukumbi ukanyamaza kama darasa mwalimu anapoingia. Bibi harusi akabaki na mguu mmoja hewani. Shemeji akaendelea kubonyeza, lakini wimbo mtamu bila umeme ni plastiki tu: tik, tik, tik, kama kuku anadonoa. Mimi mikono ilikuwa imeshazoea mateso, haikusimama. Kisigino changu kiligonga mbao za jukwaa, ambazo chini yake ni wazi: DUM. Vidole vikagonga vibonyezo vilivyokufa: cha, cha. DUM, cha, cha. Katika ukimya ule ikasikika mpaka mlangoni.

Kutoka kwenye meza za nyuma, mama watoto akaanza kupiga makofi. Nilimjua kwa sauti ya mikono. Akapokewa na akina mama waliotoka jikoni wakiwa bado na kanga za kupikia. Wao hawakujua Brahms, lakini kinu wanakijua. Makofi yakaenea. Bibi harusi akashusha mguu, ukaanguka kwenye moja, na akaendelea kuzunguka gizani, hakuna wimbo, hakuna Vienna, ni secondo peke yake na kina mama wa Ituri. Kwa muda wa sekunde arobaini katika maisha yangu, kazi ya chini ilikuwa ndiyo muziki wote.

Kisha grupu ikafufuka, DJ akashtuka akabonyeza cha kwanza alichokiona, sebene ikalipuka, na watu wote wakaingia uwanjani.

Mnafikiri walikuja kunipongeza? Walipanga foleni kwa shemeji. "Papa, umetulizisha!" "Papa, vidole vyako ni vya malaika!" Alikuwa anashika mikono ya watu kwa unyenyekevu, mkono kifuani. Kwangu alikuja mtu mmoja tu, bibi mzee kutoka jikoni, ameshika mwiko. Akanitazama toka juu mpaka chini.

"Ni wewe ulikuwa unatwanga?"

"Ni mimi, mama."

"Umetwanga muzuri."

Hiyo ndiyo hakiki niliyopata. Hanslick na akae na yake.

Tulipokuwa tunashuka jukwaani, shemeji akanishika bega. Macho yake yalikuwa na unyevu, sijui ni muziki au ni vitunguu. Akaniinamia sikioni.

"Shemeji, bila wewe ningeaibika leo. Ile mbuzi yako, Jumatatu."

Nilifurahi, siwafichi. Nilifika nyumbani nikapasua bango la zamani, nikatengeneza kibanda kidogo uani, nikanunua na kamba.

Imepita Jumatatu moja. Imepita ya pili. Leo ni ya tatu, kamba iko pale pale, na shemeji amenitumia ujumbe: binti yake mdogo naye amepata mchumba, anataka valsi, kwa hiyo tuanze mazoezi mapema.